Hapo Uliza

Kaunta buku ni ya kwaya mbili, jalada gumu, na juu yake mdogo wangu ameandika VVARDENFELL kwa wino mweusi. Chini ya neno hilo, kwa herufi ndogo: asiguse mtu. Ina miaka ishirini sasa. Karatasi zimeshika rangi ya majani ya chai, lakini maandishi yote yanasomeka. Ukurasa wa kwanza unasema hivi: toka mjini kwa kusini, pita ngome ya askari, shika mashariki mpaka daraja la kale, vuka, mlango uko kilimani upande wa pili, usihangaike kuusukuma, tafuta bomba lenye mpini uuzungushe.

Ni maelekezo ya kwenda mahali pasipokuwepo duniani. Tuliyaandika mwaka 2005 nyumbani kwetu Makorora, Tanga, mimi nikiwa kidato cha tatu na mdogo wangu kidato cha kwanza, tulipoanza kucheza gemu iitwayo Morrowind.

Mjomba ndiye aliyetuletea. Alipata kompyuta ya mtumba Dar es Salaam, akasafiri nayo kwa basi ameipakata mapajani, ili mama aitumie kwa mahesabu ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameisahau gemu ndani, na sidii yake ilikuwa bado imo kwenye kompyuta. Mchana mashine ilikuwa ya mama. Jioni, kazi za shule zikishakwisha, ilikuwa yetu.

Kwa asiyeijua, Morrowind ni ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls, na ilitolewa Mei 2002 na kampuni ya Bethesda ya jimbo la Maryland, Marekani. Unaanza ukiwa mfungwa anayeshushwa melini katika kijiji cha bandari cha Seyda Neen, kwenye kisiwa cha Vvardenfell chenye mlima wa moto katikati. Unaulizwa jina, kabila, kazi unayoijua, na nyota uliyozaliwa nayo. Unapewa kifurushi na sarafu chache, unaambiwa ukamkabidhi mtu anayeitwa Caius Cosades katika mji wa Balmora. Kisha mlango unafunguliwa na hakuna anayekufuata nyuma. Unaweza kwenda Balmora. Unaweza pia usiende kabisa, ukaokota uyoga kando ya kinamasi, ukaingia kwenye mapango ya wafanya magendo, au ukalipa nauli ukapanda mdudu mwenye miguu mirefu kama nguzo za umeme, anayechukua abiria kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Jioni ile ya kwanza tulitafuta mshale. Kwenye gemu za magari tulizozoea kucheza mabandani, mshale ulikuwa unaelea juu ya barabara kukuonyesha pa kukata kona. Hapa hapakuwa na mshale. Kulikuwa na kiramani kwenye pembe ya kioo, kinakuonyesha uliposimama na ulikokwisha kupita. Ukitaka kujua njia ya unakokwenda, unamwendea mtu, unamsemesha, naye anakueleza kwa maneno: fuata mto, ukifika njia panda soma kibao, acha barabara kwenye jiwe lile. Na karibu maneno yote hayo hayasemwi kwa sauti. Yameandikwa, kwa Kiingereza, aya baada ya aya.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kamusi. Tukagawana kazi. Mdogo wangu alishika kibodi na kipanya kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi, mimi nikawa msomaji: nasoma kimya, natafsiri kwa sauti, yeye anakwenda. Na nyuma yetu, juu ya mkeka, alikaa Bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kioo cha kompyuta kwake kilikuwa mwanga tu unaobadilika rangi. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole, ungo mapajani, huku anasikiliza. Vvardenfell aliijua kwa masikio peke yake, na naamini ndiyo sababu aliijua vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukiiona.

"Amesema upite wapi?" alikuwa akiuliza.

"Kusini, Bibi."

"Kusini mpaka wapi?"

Hapo ndipo tunapogundua kwamba tumeondoka mbio kabla mtu hajamaliza kusema.

"Basi rudi ukamuulize. Na umsalimie."

Kusalimia kulikuwa na uzito wake. Ndani ya gemu ile kila mtu ana kipimo cha namna anavyokupenda, kutoka sifuri mpaka mia. Kikiwa chini anakukatiza, anakwambia hana muda na wewe. Kikipanda, anafunguka, anakueleza hata usichouliza. Ukitembea bila nguo watu wanakusema. Ukiwa mgonjwa wanakukwepa. Nilipomweleza Bibi jambo hilo hakushangaa hata kidogo. Alishangaa sisi tunaoshangaa.

"Mume wangu," alimwambia mdogo wangu, maana ndivyo alivyomwita, na mimi akiniita mke mwenza, "mtu humjui, hujamwamkia, unamdai njia. Akuonyeshe kwa lipi?"

Gemu inakupa namna kadhaa za kumlainisha mtu: kumsifu, kumtisha, kumpa chochote mkononi. Mdogo wangu alipenda kutoa hongo kwa sababu ni haraka. Bibi alilikataza jambo hilo nyumbani mwake. Alisema pesa ukiianza leo, kesho hutasikilizwa bila pesa. Tukawa tunasifu. Wakati mwingine tunasifu mara nne, mara mbili zinakataa, tunaondoka, tunarudi baadaye.

Balmora tulifika jioni ya pili. Caius Cosades hayuko pa kuonekana. Unaelekezwa uulize kwenye kilabu cha pombe kiitwacho South Wall, na huko wanakwambia amepanga chumba juu ya ngazi, mwisho wa mtaa. Ukifika unakuta mzee kifua wazi, chumba kimoja, kitanda kimoja. Kumbe ndiye mkuu wa majasusi wa mfalme kisiwani kote. Anapokea kifurushi, anasoma, na badala ya kukutuma ukaokoe dunia anakupa sarafu 200 na kukwambia uende zako kwanza ukatafute kazi, ujiunge na chama cha wachawi au cha wapiganaji, uwajue watu na nchi, ndipo urudi. Nilipomaliza kutafsiri, Bibi aliacha kuchambua mchele. Akasema huyo ni mtu mzima kweli. Tulikaa wiki tatu bila kurudi kwake. Tulichuma dawa za porini, tukauza, tukanunua viatu.

Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku unatokana na kazi ambayo Caius alitupa tuliporudi. Alitutuma kwa msomi mmoja wa historia ya nchi ile, naye hakutaka kusema kitu mpaka tumletee kijisanduku cha chuma kutoka Arkngthand, magofu ya watu waitwao Dwemer, mafundi wa mitambo waliotoweka siku moja wote. Tulilipata daraja jioni ya kwanza. Mlango ulituchukua jioni ya pili nzima. Ni mlango wa mviringo ulioshikamana na mlima, haufunguki ukiusukuma. Nilisoma maelekezo upya, polepole, neno kwa neno na kamusi mkononi, mpaka nikafika kwenye neno moja nililokuwa nimeliruka kwa sababu sikulijua. Lilikuwa mpini. Mdogo wangu akageuka nyuma, na kumbe bomba lilikuwapo pale pale tulipopita mara kumi, linatokeza kutoka ardhini, na mpini wake umekaa unasubiri. Akauzungusha. Jiwe likafunguka kama macho.

Ndani tulizunguka jioni ya tatu yote. Nilitarajia sanduku la kubebwa na watu wawili. Tulipita vyumba, tukapigana na majambazi, tukapanda ngazi za mawe, na mwisho mdogo wangu akasimama mbele ya rafu iliyojaa vikombe vya shaba na vipande vya vyuma. Katikati ya vile vikombe palikuwa na kitu cha mraba, kidogo kuliko ngumi. Nilimwambia akisogelee. Jina lake likatokea. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikiacha pale kwanza, akamgeukia Bibi akamweleza kilivyo: upande huu kimechorwa duara, kina rangi ya sufuria ya zamani, kingetosha kiganjani kwako. Bibi alifungua kiganja.

Baadaye sana nilijifunza kwa nini gemu ile ilikuwa vile. Iliyotangulia katika mfululizo, Daggerfall ya mwaka 1996, ilikuwa na nchi kubwa ajabu yenye maelfu ya vijiji na mapango, kwa kuwa sehemu kubwa ilitungwa na kompyuta yenyewe kwa hesabu. Kwa Morrowind waliamua kupunguza ukubwa, nchi ipangwe kwa mikono ya watu. Kikombe kile cha shaba kiko pale kwenye rafu kwa kuwa mtu fulani alikiweka. Na aliyeongoza usanifu wake, Ken Rolston, alikuwa ametoka kwenye gemu za mezani, zile ambazo watu huketi pamoja, mmoja anasimulia mahali walipo na wengine wanasema watafanya nini. Hakuna kioo kwenye gemu hizo. Kuna sauti ya mtu na masikio ya wenzake. Nilipolijua hilo nilimkumbuka Bibi na ungo wake.

Shajara iliyomo ndani ya gemu inaandika kila ulichoambiwa, lakini katika nakala yetu ilipanga kwa tarehe, si kwa kazi, na ukiwa na kazi kumi mkononi hupati kitu. Kaunta buku ndiyo ilikuwa dawa. Kulia tuliandika maneno ya watu, kushoto tukachora ramani yetu wenyewe, maana waliouziwa gemu katika boksi lake walikuta ramani ya karatasi na sisi boksi hatukuliona. Pembezoni tuliandika masahihisho. Kwa sababu mara nyingine wale watu wanakosea. Mtu anakwambia mashariki kwa uhakika kabisa, unakwenda mpaka usiku, kumbe ni magharibi. Mdogo wangu alikasirika sana ilipotokea mara ya kwanza, akataka kurudi kumpiga yule mtu. Bibi alimuuliza kama alikuwa ameuliza mtu mmoja tu.

Sehemu niipendayo kuliko zote ni ya wafugaji wa jangwani. Ndani ya Vvardenfell, kwenye nchi ya majivu chini ya mlima wa moto, wanaishi watu wa kuhamahama, wanaokaa kwenye mahema ya ngozi. Ndio wenye utabiri ambao hadithi yote imesimama juu yake, na hawana haja na mgeni. Caius hakutumi kwao moja kwa moja. Anakutuma kwanza mji wa Ald'ruhn kwa mtu aliyezaliwa kati yao, Hassour Zainsubani, ukajifunze adabu. Na kwake huendi mikono mitupu. Unauliza kwa mwenye nyumba ya wageni mzee anapenda nini, na jibu ni kwamba anapenda mashairi. Kwa hiyo unakwenda kwa muuza vitabu, unanunua kitabu cha mashairi, unamletea, na hapo ndipo anapokufundisha: jinsi ya kutoa zawadi, kwamba hema la mtu huingii bila ruhusa, kwamba kuna tofauti kati ya kushindana kwa mchezo na kushindana kwa heshima.

Bibi alinitaka nirudie sehemu hiyo. Tulikwenda kambini kwao, Urshilaku, kwa maelekezo tuliyoyaandika ukurasa mzima: panda miamba kaskazini, ingia kwenye korongo kubwa, lifuate mpaka baharini, utaona meli iliyozama, shika pwani kuelekea mashariki. Njiani dhoruba ya majivu ikatupiga. Mtu wako anainua mkono mbele ya uso, huoni hatua kumi mbele, na juu ya kichwa ndege wenye mikia mirefu wanapiga kelele. Mdogo wangu akataka kuzima. Bibi akasema, bahari iko mkono gani? Kushoto, Bibi. Basi mradi iko kushoto hujapotea. Tulifika. Mahema yalitokea ndani ya vumbi, na mdogo wangu akasimama nje ya la kwanza bila kuambiwa.

Mwaka 2006 ukaja mgao wa umeme. Mvua zilikuwa hazijanyesha, maji ya mabwawa yalishuka, nchi nzima ikawa gizani kwa zamu. Makorora tulikatiwa jioni, saa zetu zile zile. Tukawa tunakaa na kandili, kaunta buku katikati, tunasafiri kwa kumbukumbu: mimi nasoma, mdogo wangu anasema anachokiona. Usiku mmoja Bibi akasema, "Mke mwenza, andika na ya kwangu."

Nikadhani ni hadithi. Hapana. Alitaka niandike njia ya kwenda alikozikwa mama yake, juu ya Muheza, kijijini alikotoka akiwa na miaka kumi na saba alipoolewa na mtu wa reli. Alisema macho yake hayawezi tena kuipeleka miguu, na mama yetu alikwenda mara moja tu, mtoto wa mgongoni. Ametusikia mwaka mzima tukiandika njia za watu wasiokuwapo. Nilifungua ukurasa wa mwisho nikaandika kama alivyotamka:

Muheza stendi, uliza gari za kupanda Amani. Shuka kwenye mashine ya kukoboa. Hapo uliza kwa fundi cherehani, wana wa fundi wanatujua. Shika njia ya michungwa mpaka kisima chenye ngazi za mawe. Kunywa, usipite bila kunywa. Hapo uliza. Panda. Utaona mvule. Makaburi yako mkono wa kulia wa mvule. La mama yangu hutalijua. Hapo uliza.

Bibi alifariki mwaka 2010. Mwaka uliotangulia, nikiwa chuo, mwenzangu wa hosteli alinionyesha gemu iliyofuata Morrowind, Oblivion ya mwaka 2006, na alama yake kwenye dira ya chini ya kioo inayokuelekeza uendako. Ni nzuri, misitu yake inapendeza, na watu wake wanazungumza kwa sauti zao. Maneno ya kurekodiwa ni ghali, kwa hiyo yakawa machache, na alama ikachukua nafasi yake. Skyrim ya mwaka 2011 ikaendelea vivyo hivyo, nami nimeicheza kwa furaha, nikasimama usiku juu ya milima yake nikitazama taa za mbinguni. Lakini sijawahi kufungua daftari kwa ajili yake. Nilikuwa nikipita vijijini macho yakiwa kwenye alama, na watu waliosimama milangoni sikuwa na haja nao. Alama haikosei, na kwa kuwa haikosei haikupi sababu ya kumsimamisha mtu. Hilo ndilo linalonisikitisha. Nafundisha shule sasa, na wanafunzi wangu wanafika popote kwa simu. Ninachowaombea ni ile sababu ya kusema hodi.

Desemba 2013 tulikwenda Muheza, mimi na mdogo wangu, kaunta buku ndani ya mfuko wa rambo. Mashine ya kukoboa ilikuwa imehamishwa, kondakta akatushusha ilipokuwa zamani. Fundi cherehani alishafariki, lakini mwanawe alikuwa na duka la rejareja palepale. Tulimwamkia, tukakaa kwenye benchi, tukanunua soda, tukasubiri amalize kuhudumia watu. Alipotuuliza sisi ni wa nani, mdogo wangu alitaja jina la Bibi la usichana, lile alilotuambia usiku wa kandili. Yule bwana akaita mtoto atusindikize mpaka njia ya michungwa.

Kisima kilikuwa bado kina ngazi zake, ingawa watu wamepata bomba na ngazi zimeota ukoka. Tulikunywa kwa viganja. Juu yake mama mmoja mtu mzima alikuwa akikata kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona kisima hicho, bomba liko hapo?"

"Tuliambiwa tusipite bila kunywa."

Aliweka panga chini. Akauliza nani alituambia. Nikamsomea ukurasa wote, kutoka Muheza stendi mpaka mwisho, naye akasikiliza amefumba macho, anaitikia kila sentensi kwa kichwa. Akaokota panga lake akatangulia. Mvule haukuwapo, ulikatwa mbao zamani, limebaki shina pana kama meza. Tukashika kulia kama ilivyoandikwa. Akatuita turudi.

"Makaburi yako huku," alisema, anaonyesha kushoto.

Mdogo wangu akatazama ukurasa. "Bibi alisema kulia."

Yule mama akageuka akatazama juu ya kilima, kwenye kiwanja kilichobaki migomba na mawe ya msingi wa nyumba.

"Nyumba yao ilikuwa pale," akasema. "Bibi yenu alikuwa anashuka, anatoka nyumbani. Kwake kulia. Nyie mnapanda."

Akaanza kufyeka majani kuelekea kwenye mawe matatu. Mdogo wangu alikaa juu ya shina la mvule, akafungua kaunta buku magotini, akatoa kalamu, na pembezoni, kwa herufi zile zile ndogo, akaandika: kwa anayetoka kisimani, kushoto.